Naomba ushauri: nampeleka mama Harpers Ferry, goti linamsumbua

Mshambaa_Ughaibuni: Wakuu, heshima kwenu. Naishi Silver Spring, Maryland. Mama yangu, mwalimu mstaafu wa historia, amekuja kutoka Lushoto na kila siku anaulizia Harpers Ferry, kule West Virginia, mahali John Brown alipoteka ghala la silaha Oktoba 1859 ili watumwa wapate bunduki. Ana miaka 71 na goti la kulia linamsumbua. Tuna Jumamosi moja tu. Twende kwa treni au gari? Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Reli: Mkuu, gari. Treni ya MARC haifiki huko wikendi. Tokeni mapema, acheni gari kwenye kituo cha wageni kule kilimani, kisha basi la hifadhi ya kihistoria liwashushe mjini. Msihangaike kutafuta maegesho chini.

Bi_Mwanaidi: Mwanangu, mtunze mama na zile ngazi za kupanda kanisa la Mtakatifu Petro. Zimechongwa kwenye mwamba wenyewe na katikati zimelika kwa nyayo za watu. Mimi nilizipanda nimeshika ukuta, na kushuka ndiyo ilikuwa shughuli. Mkalishe pale mto Potomac unapokutana na mto Shenandoah, ni tambarare, na kijumba alichojifungia Brown alipozingirwa kiko hatua chache tu kutoka hapo.

Mzee_Kobe: Nawasihi msiishie huko chini. Pandeni kwa gari hadi kilipokuwa Chuo cha Storer, kilichofunguliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma hapo! Agosti 1906 Du Bois, yule msomi mweusi wa Marekani, na wenzake wa Vuguvugu la Niagara, chama cha kupigania haki za weusi, walikutana chuoni hapo kudai haki zao. Alfajiri moja walikwenda kukizuru kile kijumba, wengi wao peku, kwa heshima. Wakati huo kilikuwa kimehamishiwa kwenye shamba la Murphy. Watalii wengi hula aiskrimu wakaondoka bila kujua hayo, na huwa naumia sana.

Mshambaa_Ughaibuni: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Kwa Azikiwe alinyamaza kidogo, akaniambia nirudie. Sasa anauliza, hilo shamba bado lipo? Naye anataka kuvua viatu.

Mzee_Kobe: Lipo, ndani ya hifadhi. Shikamoo yake.