MREJESHO: Boti iliyokuwa ikichemka Naivasha

Wapendwa, niliuliza kwa nini boti yetu ya kuvuta wanaoteleza majini (injini V8 ya ndani) inachemka nikiongeza mwendo, lakini nikipunguza geji ya joto inashuka. Wengi mlisema thermostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya kupoza injini). Niliitoa nikaichemsha kwenye sufuria hapa nyumbani Lang'ata. Ilifunguka vizuri karibu na nyuzi 71, kama ilivyoandikwa. Nikaweka mpya hata hivyo. Bado.

Aliyesema nianze maji yanakoingilia ndiye aliyepatia. Jumamosi niliteremka ziwani na fundi wangu wa Kirinyaga Road. Kifuniko cha pampu ya maji kilipotoka, impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) ilikuwa na mapezi matatu tu, mengine yamenyofoka kwenye shina. Mimi nilitaka tuweke mpya twende. Fundi akakataa: "Bosi, na hivyo vipande vimeenda wapi? Na nani alivikata?"

Viwili vilikuwa kwenye mpira unaopeleka maji kwenye injini, cha tatu kimekwama kwenye kona yake. Aliyevikata tulimkuta nyuma zaidi, kwenye kipoza oili cha giaboksi, ambacho maji hupitia kabla ya pampu: donge la mizizi ya gugumaji, jeusi, limeshikana kama steel wool. Pampu ilikuwa inakosa maji na kujichoma yenyewe.

Tumekimbiza boti kwa dakika arobaini, geji haijasogea. Sasa kipoza nakifungua kila tukitoka majini. Asanteni sana, mmeniokolea injini.