Terariamu ya kwanza kwa mimea ya unyevu: chupa, tangi la samaki au kioo chenye mlango wa mbele?

Umande
Wakuu, habari za humu. Nimepitia nyuzi za zamani karibu zote na kila mmoja anasifia alichonacho, kwa hiyo nauliza upya. Nataka terariamu moja ya ndani, yaani bustani ndogo ndani ya chombo cha kioo. Mimea ninayoilenga ni fitonia (kimea kifupi cha majani yenye mishipa ya rangi), kangaga ndogo, na mambo yakienda vizuri, Ludisia discolor, ile okidi ya majani meusi yenye mishipa myekundu.

Nina njia tatu mbele yangu. Kuna chupa kubwa ya kioo yenye kizibo, ninayo tayari. Kuna tangi la samaki lililostaafu, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Au nijikusanye ninunue lile sanduku la kioo lenye milango ya mbele na wavu juu. Sina haraka, ila sitaki kupanda halafu nianze kubomoa. Mngeanza na ipi?

Kangaga_Mbichi
Chupa, bila kusita. Ukishaifunga, maji yanapanda kama mvuke, yanagusa kioo, yanarudi kwenye udongo. Unakaa muda mrefu bila kushika kopo la maji. Yule Mwingereza David Latimer alipanda chupa yake mwaka 1960, akaimwagilia mara ya mwisho 1972, na miaka arobaini baadaye ilikuwa bado imejaa majani.

Mzee wa Vioo
Mkuu Kangaga, mfano wa Latimer unatajwa kila mara bila kusema kwamba mle ndani mlikuwa na mmea wa aina moja tu, tradeskansia, ambayo ni ngumu kuiua hata ukitaka. Umande anataka aina tatu zenye tabia tofauti.

Na tukienda kwenye historia twende hadi mwisho. Daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London alifukia bundo la nondo (hatua ya mdudu kabla ya kuwa na mabawa) kwenye udongo ndani ya chupa mwaka 1829 akashangaa kuona kangaga imejiotea humo. Sawa, ilianza na chupa. Lakini alipotaka kusafirisha mimea hai hadi Sydney mwaka 1833 hakutumia chupa, alitengeneza masanduku ya mbao na kioo. Chupa ilimpa wazo, kazi ikafanywa na sanduku.

Tatizo la chupa ni mdomo wake. Jani moja la fitonia likioza kwenye kona, unalifuata kwa koleo refu huku ukigonga kila kitu njiani. Ukiliacha, kuvu inahamia jani la pili. Chagua chombo kwa kuangalia mkono wako utapitia wapi. Mimea unaweza kuibadilisha baadaye, tundu huwezi.

Kangaga_Mbichi
Hapo kwenye mkono nakubali. Ila chupa ya mdomo mpana zipo, tusizifunge zote kamba moja.

Bibi Okidi
Wanangu, mnagombania vyombo na hamjauliza okidi inataka nini. Ludisia inapenda hewa yenye unyevu, si hewa iliyolala. Shina lake linatambaa juu ya udongo, limejaa maji, na likikaa kwenye ubichi usiokauka juu linaanza kulainika kutoka chini, pale pale linapogusa udongo. Ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Likifika hapo kata sehemu iliyo ngumu, panda upya pingili hiyo juu ya sfagnamu (mmea laini wa kinamasi unaoshika maji), sahau iliyobaki.

Kwa hiyo kwenye chupa iliyozibwa kabisa, fitonia ndiyo, kangaga ndogo ndiyo, Ludisia hapana. Kwenye tangi lenye kifuniko kilichoachiwa upenyo, zote tatu zinaweza kuishi. Kwenye milango ya mbele zote tatu zinafurahi, mradi mwenye nyumba asisahau kumwagilia.

Mzee wa Vioo
Bibi amemaliza nusu ya kazi. Niongeze upande wa sanduku la milango. Lina upenyo chini ya mlango na wavu juu; hewa inaingia chini, inatokea juu, kioo hakitoi jasho na unaona mimea yako. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo inayokausha. Wengi wanalinunua, wanapanda mimea ya unyevu, wanaona kangaga inakauka ncha, wanalaumu udongo. Funika sehemu kubwa ya wavu kwa kipande cha kioo, acha ukanda mwembamba wazi. Tatizo kwisha.

Umande
Shukrani sana, hasa kwa Bibi. Sasa udongo. Nimesoma niweke kokoto chini, kisha mkaa, kisha udongo. Kokoto ni za kupitisha maji?

Tabaka la Chini
Hapa ndipo wengi wanapodanganyana. Kokoto hazikaushi udongo ulio juu yake. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye mawe yenye nafasi kubwa hadi udongo ule ushibe kabisa, kwa hiyo sehemu ya chini ya udongo hubaki imelowa hata ukiwa na kokoto. Kazi ya kokoto ni kuwa hifadhi: ukizidisha maji, yanajikusanya pale na unayaona kupitia kioo. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Juu yake tandika wavu laini wa plastiki, la sivyo udongo utateremka wote.

Kinachookoa mizizi ni udongo wenyewe kuwa na hewa. Udongo wa bustani usiuguse, unashikana ukawa tope. Changanya nyuzi za makumbi ya nazi, magome ya msonobari yaliyokatwa vidogo, sfagnamu iliyokatwakatwa na mkaa uliopondwa. Ukishika konzi ukaikamua, itoke tone moja mawili, si mkondo. Makumbi yasuuzwe kwanza, mengine yana chumvi. Na mkaa uwe wa kuni tupu, usiwe ule uliowekwa dawa ya kuwashia.

Kangaga_Mbichi
Weka na kolembola humo. Ni vidudu vyeupe vinavyorukaruka, vidogo kuliko punje ya mchele, vinakula kuvu na mabaki. Mwanzoni kuvu nyeupe itatokea kwenye vijiti na magome, usiogope, vitaimaliza.

Taa Saa Kumi na Mbili
Mbona hakuna anayezungumzia mwanga? Umande, chombo chochote kilichofungwa usikiweke penye jua la moja kwa moja. Joto linaingia halitoki, mimea inapikika ikiwa mibichi. Taa ya LED nyeupe juu ya kioo, iwake kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku, kwa kipima saa. Fitonia na Ludisia ni za kivulini, hazihitaji taa kali. Ukiona fitonia inarefuka, majani yakiachana mbali, mwanga ni mdogo. Ikate ncha, zirudishe kwenye udongo, zitaota mizizi zenyewe.

Bibi Okidi
Na maji yawe ya mvua au yaliyochujwa chumvi. Ya bomba yenye chokaa yanaacha madoa meupe kwenye kioo, na kwenye chombo kisichotoa maji chumvi haina pa kwenda.

Umande
Nimeamua tangi la samaki, maana ninalo na mkono unaingia. Chupa nitaipa fitonia peke yake. Tangi nilisafishe na nini, na kifuniko kiweje?

Mzee wa Vioo
Siki na maji, sugua madoa ya chokaa, suuza mara kadhaa. Sabuni usitumie. Kama tangi linavuja kidogo kwenye silikoni, lizibe kabla ya kuweka chochote, kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu, kisha liache hadi harufu ya siki ya silikoni iishe.

Kifuniko ni kioo cha vipande viwili, kingo zisuguliwe zisikukate. Kipande cha nyuma kikae, cha mbele kiwe cha kufungua, na katikati acha upenyo wa sentimita moja hivi. Asubuhi kioo kikiwa na jasho kidogo upande mmoja halafu mchana kikakauka, upo sawa. Kikilowa kutwa nzima, ongeza upenyo. Kisipotoa jasho kabisa na fitonia imelala, punguza upenyo na upulizie maji. Ludisia ipande mwisho, fitonia zikishashika, tena karibu na huo upenyo.

Umande
Nimeelewa. Naanza na kuosha makumbi kesho.

Tabaka la Chini
Osha hadi maji yatoke karibu meupe. Yatakuwa ya kahawia mwanzoni, hiyo ni kawaida.