Tupeane uzoefu: sigara ya umeme ya kwanza, mfuko mdogo, hapa hapa Tanga

Jiko la Mkaa
Wakuu, salaam. Jana jioni niko kijiweni Raskazone napiga kahawa, jamaa kaja kakaa pembeni na kidude chake, kavuta, kote kunanukia tikiti maji. Mimi na sigara yangu nikajiona jiko la mkaa. Navuta mwaka wa 11 huu, pakiti inakaribia kwisha kila siku, na usiku mama watoto ananigeuzia mgongo kwa harufu. Leo nikaingia duka moja mjini. Kijana ananiuliza, "Bro, unavuta ya mdomoni au ya kifuani moja kwa moja?" Nikaaga nikatoka. Nina elfu 60, haiongezeki. Mlionunua ya kwanza, mlianzia wapi na mlilia wapi?

Fundi Redio
Ungemjibu ya mdomoni. Sigara ndivyo unavyoivuta: moshi unakaa mdomoni kwanza ndipo unaushusha. Chukua podi ndogo, yaani kidude chenye kikasha cha juisi (kimiminika cha nikotini kinachogeuka mvuke) unachojaza mwenyewe, betri iwe ya ndani, koili (kiwaya chenye pamba kinachochemsha juisi) ya ohm 1 au juu kidogo. Hizo za ohm 0.2 na 0.3 ni za watu wa mawingu, wale wanaotoa mvuke mwingi. Mimi nilianza nazo kwa ujuaji, kichupa cha mililita 30 siku nne kwishnei.
Na elfu 60 yote usiiweke kwenye kidude. Kidude elfu 35, inayobaki koili na juisi. Koili yangu inafika wiki mbili. Ukipenda juisi tamu tamu, wiki moja tu, kile kiongeza utamu kinagandia kwenye pamba inakuwa nyeusi kama masizi.

Binti Chumbageni
Hapo kwenye koili ndipo wengi tunapolia. Umesema kweli.

Pilipili Kichaa
Mimi nililia siku ya kwanza kabisa. Nimefika nyumbani, nimejaza, nimevuta papo hapo. Pamba ya ndani bado kavu! Koo liliwaka kama nimemeza nguo inayoungua. Koili mpya, mvuto mmoja, imekufa. Jaza, weka mezani, nenda kaswali, rudi. Dakika kumi zinatosha.

Mzee wa Pweza
Acheni kumpoteza kijana. Uganda walipiga marufuku kuingiza na kuuza hivi vitu kwenye sheria yao ya tumbaku ya 2015. Wale wajinga?

Fundi Redio
Mzee, Uganda hiyo hiyo sigara zinauzwa kila kibanda. Mleta uzi anavuta miaka 11, hajauliza kama aanze.

Mzee wa Pweza
Mchina aliyeitengeneza 2003, Hon Lik, alikuwa mfamasia na mvutaji, baba yake kafa kwa saratani ya mapafu. Lengo lilikuwa mtu atoke kwenye sigara. Nyie mnahamia humu na kujenga kabisa.

Fundi Redio
Sasa si ndicho anachotaka, kutoka? Unabishana na nani mzee wangu?

Abiria wa Pongwe
Ngojeni niwape yangu, maana nikisikia neno betri kovu linaniwasha.
Nilinunua mtumba kwa jamaa aliyetoka Mombasa, elfu 25. Bonge la kitu, linabeba betri mbili za 18650, zile nene kama za tochi. Akaniongezea na ya tatu bure. Ile ya bure nailoni yake ilikuwa imechubuka karibu na kichwa, mimi nikaona urembo tu umetoka. Sikujua bati lote la nje ni hasi, na chanya iko pale pale juu, kinachozitenganisha ni kile kinailoni. Nikaitia mfukoni, pamoja na funguo.
Niko kwenye daladala natoka Pongwe, dirishani, miguuni gunia la machungwa ya Muheza. Paja likaanza joto. Nikadhani simu. Nikashika, simu iko mfuko wa pili. Kabla sijafikiri, nasikia *ssssss*, kama chungu cha maharage kinataka kufoka. Nikapiga kelele "Shusha!" Konda ananijibu kwa upole kabisa, "Kituo mbele, bosi." Nikapita juu ya machungwa, juu ya watu, nikaruka gari likipunguza mwendo, na pale pale barabarani nikavua suruali. Nikaitupa. Ikatoa moshi mweupe, halafu ulimi wa moto, halafu kimya. Tundu lililobaki ungepitisha kitumbua.
Daladala nzima inachungulia. Bi mkubwa mmoja akafungua kanga ya juu, akanirushia kupitia dirishani, gari likaondoka. Nikajifunga. Kuangalia maandishi: WASTARA HAZUMBUKI.

Binti Chumbageni
😂😂😂 Nimecheka hadi mteja kanishangaa.

Pilipili Kichaa
Pole mkuu. Ila konda 😂

Kashata Moja
Ungepaka dawa ya meno palepale.

Nesi Mstaafu
Usimdanganye mtu. Dawa ya meno inafungia joto ndani. Maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha kituo cha afya. Na betri za akiba zina vikasha vyake vya plastiki, bei ya chai na chapati. Nailoni ikichubuka, usiitumie.

Jiko la Mkaa
Jamani nimeogopa. Nabaki na podi ya betri ya ndani. Ila juisi nichukue nikotini ngapi? Kijana ananiambia 50.

Kashata Moja
Chukua 50, wewe mvutaji mkongwe.

Pilipili Kichaa
Usichukue! Uingereza na Ulaya kikomo chao ni miligramu 20 kwa mililita. Mimi niliweka 50 kwenye koili ya mawingu, nikaishia kukaa chini bustani ya Jamhuri, jasho jembamba, dunia inazunguka. Anza 20, ukiona bado unaitamani sigara ndipo ujadiliane na kijana wako.

Mama Wawili
Mlio na watoto, juisi iwekeni juu na ifungwe. Inanukia embe. Wangu wa miaka miwili nilimkuta anang'ata kifuniko. Nikotini ni sumu kwa mtoto, hata kidogo.

Fundi Redio
Na chaja! Usichomeke ile ya simu inayochaji haraka, wala usilale nayo ikichaji.

Kashata Moja
Abiria, ile kanga ulimrudishia bi mkubwa?

Abiria wa Pongwe
Nilimtafuta wiki mbili kwenye daladala zile zile. Sikumwona. Sasa anaivaa mke wangu.

Binti Chumbageni
Anajua ilikotoka?

Abiria wa Pongwe
Nilimwambia nimemnunulia. Akauliza mbona kipande kimoja, si doti. Nikasema kingine kiliisha dukani.

Mama Wawili
Hakuna mwanamke wa Tanga aliyeamini hilo. Anakungoja tu.

Jiko la Mkaa
Wakuu, podi jamani. Duka linafunga saa moja.