Msaada: nitoeje vigeu vya globali kwenye kodi ya kuripoti makosa?

Fundi Kombo: Wakuu, nina kompaila yangu ndogo (programu ya kutafsiri kodi iwe lugha ya mashine) niliyoiandika kwa C++. Sehemu ya kuripoti makosa ina globali tatu, yaani vigeu vinavyoonekana na programu nzima: `jina_faili`, `mstari` na `idadi_makosa`. Nataka zitoke, ila kupitisha pointa kwenye fanksheni 60 siwezi. Silali.

Bibi Semikoloni: Inafanya kazi? Iache. Kompaila kubwa kama GCC yenyewe ina globali ya kuripoti makosa, `global_dc`, na watu wanakula.

Pweza: Kazini niliwahi kuondoa globali moja tu, nikamaliza wiki mbili natafuta kwa nini maonyo yamegeuka makosa. Siku hizi nikikutana nayo naiamkia, shikamoo, napita.

Mla Kashata: Fundi, siku zote umekaa nazo, leo zimekukosea nini? Sema kweli.

Fundi Kombo: Haya. Nakompaili mafaili mawili kwa pamoja, kila moja na uzi wake (thread). Kosa la hili linatoka kwa jina la lile. Lakini nimeshaweka `thread_local`, kila uzi uwe na nakala yake ya kigeu, kubomoa tena sioni sababu.

Pweza: Uzi upi, huu tunaoandikia?

Mla Kashata: Kumbe ulishaamua, umekuja kutafuta mashahidi. Zifungashe zote tatu kwenye `struct Ripoti`, kila faili linalokompailiwa liwe na yake. Kompaila ya Clang ina `DiagnosticsEngine` kwa kazi hiyo. Fanksheni ya zamani ibaki ikiita mpya, uhamishe taratibu. GCC ilipotaka kutumika kama maktaba, yaani libgccjit, ilibidi iweke kufuli, nyuzi ziingie mmoja mmoja, sababu ni globali hizihizi.

Fundi Kombo: Mbona `thread_local` inatosha? Hii ya leo asubuhi ni kitu kingine:

`b.kz:14: kosa: kigeu 'bei' hakijatangazwa`

Na b.kz lina mistari 9.

Bibi Semikoloni: Mistari 9, kosa mstari wa 14? Chai hii, tena haina tangawizi.

Pweza: Nilihisi. Hata kompaila yenyewe sidhani kama ipo.

Mla Kashata: Tulieni. Hiyo 14 ni ya a.kz. Mstari ni wake, jina ndilo la jirani. Fundi, `thread_local` umeiweka kwenye zote tatu?

Fundi Kombo: ...Mbili. `jina_faili` linasomwa na leksa, ile sehemu inayokata kodi vipande, nikaogopa kuligusa.

Bibi Semikoloni: Narudisha chai jikoni. Anza na hiyo leksa.