CSS ijimalizie yenyewe kwenye mashine ya RAM 4GB: VSCodium, Kate au Vim?

MtotoWaUyole
Wakuu, poleni na baridi. Nina laptopu mbili za mtumba, RAM 4GB kila moja, zote nimezitia Linux. Nafundishia vijana watatu kutengeneza kurasa za wavuti hapa Uyole. HTML wameipata. CSS, ile lugha ya kupamba ukurasa, ndiyo inawatoa jasho. Jumamosi mmoja kaandika `backgroud-color`, tukahangaika nusu saa nzima kumbe kameza n. Natafuta edita ya chanzo huria ambayo ukianza `bac` inakuletea orodha, unachagua. Bando langu ni la kuungaunga, kwa hiyo sitaki kitu cha kupakua kila wiki.

FundiKabwe
VSCodium, usijisumbue. Ni VS Code ileile, imejengwa kutoka msimbo huria wa Microsoft bila vile vipengele vya kupeleka taarifa kwao. CSS imo humohumo, huongezi plagini hata moja. Andika `dis`, inakuja `display`. Gonga Enter, inaweka nukta pacha na kukuletea `flex`, `grid`, `block`. Emmet, ile ya kukuza vifupisho, nayo imo: `m10` kisha Tab, unapata `margin: 10px;`. Na huyo wa `backgroud` angepigiwa mstari wa onyo palepale, maana sifa isiyojulikana haipiti kimyakimya.

Kamwene_IR
Kamweneee! FundiKabwe ana mashine ya kishua ndiyo maana anaongea hivyo. VSCodium imesimama juu ya Electron, yaani unawasha brauza nzima ili uandike maandishi. Ongeza Firefox ya kuangalia ukurasa, hiyo 4GB inaanza kukohoa. Mimi hapa Kihesa ni Vim tu. Tangu toleo la 7, mwaka 2006, inajua kukamilisha CSS: Ctrl-X halafu Ctrl-O, orodha hiyo. Hupakui chochote.

DadaTukuyu
Kaka Kamwene, mtoto kaanza juzi unampa Ctrl-X Ctrl-O? Orodha yenyewe haiji mpaka uiite, na kosa la herufi haikuambii. Halafu ukikuta Vim ya zamani, orodha yake ya sifa nayo ni ya zamani.

Mimi ningeweka Kate. Nyepesi, na ina plagini ya LSP Client, unaiwasha tu kwenye mipangilio. LSP ni utaratibu uliotangazwa 2016: ujuzi wa lugha unakaa kwenye seva ndogo humohumo kwenye mashine yako, edita yoyote inaiuliza. Seva ya CSS ni ileile iliyomo VS Code, imetolewa peke yake kwenye furushi linaloitwa `vscode-langservers-extracted`, unalipata npm, ghala la mafurushi ya JavaScript. Utahitaji Node, programu ya kuendesha JavaScript nje ya brauza. Ukishapakua mara moja, bando lako linapumzika.

Kamwene_IR
Basi Neovim, mtoto wa Vim, dada. Nayo inaongea LSP tangu toleo la 0.5.

DadaTukuyu
Usinikumbushe. Nilipoteza Jumapili yangu yote hapo. Seva inawaka, makosa inayaonyesha vizuri, mapendekezo hata moja! Kumbe seva hii ya CSS haitoi mapendekezo mpaka edita itamke kwamba inapokea vipande vyenye nafasi za kujaza, ile `snippetSupport`. Mstari mmoja kwenye mipangilio. Kama toleo lako ni la zamani, anza kuangalia hapo kabla hujaanza kufuta na kusakinisha upya kama nilivyofanya mimi.

MtotoWaUyole
Ndaga fijo wote. Nimejaribu: mashine moja VSCodium, nyingine Kate. VSCodium inachelewa kufunguka, ila ikishatulia inaandikika, nikifungua kichupo kimoja tu cha Firefox. Kate inafunguka mara moja, lakini kuunganisha seva kumenila jioni nzima, na kijana hawezi kuifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani. Hapo ndipo naelemea VSCodium, samahani dada.

Swali lingine: wakiwa kwenye HTML, wakiandika `class=""`, mbona haiwaletei majina ya klasi waliyoyaandika kwenye CSS?

FundiKabwe
Hiyo ni kazi nyingine, mkuu. Seva ya CSS inajua sifa na thamani zake. Majina ya klasi uliyobuni mwenyewe yanahitaji plagini ya kusoma faili zako za CSS na kuyapeleka upande wa HTML. Tafuta ndani ya VSCodium. Inachota kutoka Open VSX, si soko la Microsoft, kwa hiyo usishangae ukikosa baadhi. Na zima ile ramani ndogo ya msimbo pembeni kulia, `editor.minimap.enabled` weka `false`. Kwenye kioo kidogo inakula nafasi bure.

DadaTukuyu
Nimekusamehe. Ila Kate usiifute, siku mashine ikizidiwa utaitafuta.

MtotoWaUyole
Ipo. Yule wa `backgroud` ndiye kaing'ang'ania.