Familia ya Voi: cheti cha ndoa ya anti

Mama Neema: Habari za asubuhi familia, najua huko nyumbani ishafika jioni. Naomba mnisaidie mawazo. Jana nimeongea na watu wa Social Security, ile ofisi ya mafao ya serikali huku Marekani, kuhusu mafao ya marehemu mume wangu Daudi, wanataka cheti cha ndoa, nikawaambia ninacho, kile kilichoko ukutani sebuleni, yule dada akaniuliza kina muhuri wa kaunti? Nikakitoa kwa fremu nikageuza mbele na nyuma, hakuna. Kuna sahihi ya pastor, njiwa wawili na ukingo wa dhahabu, basi. Akaniambia kwa upole mama hicho ni cha kanisa

Shangazi Rehema: Jamani wifi. Pole sana. Kwani hicho si ndicho cheti? Sisi wote tuliona picha mkikishika

Mjomba Elijah: Shemeji pole. Huku Kenya mtu anaingia eCitizen, saiti ya serikali, ama anaenda kwa msajili wa ndoa Sheria House Nairobi. Huko Marekani hakuna ofisi moja ya nchi nzima?

Mama Neema: Hakuna shem. Nimeambiwa ni kaunti. Nimeingia kwa mtandao usiku kucha, tumefunga ndoa hapa St. Cloud, Minnesota, nikatafuta Stearns County sikupata. Nikakumbuka huu mji umekaa kwa kaunti tatu, nikajaribu Benton, nikajaribu Sherburne, kote hakuna. Mpaka nikaanza kulia nikajiuliza kwani mimi sikuolewa? Miaka yote hiyo

Shangazi Rehema: Usiseme hivyo. Uliolewa na mahari ikatolewa, na nilikupokea mwenyewe ulipokuja kutusalimia na Neema akiwa mgongoni. Bahati uko wapi mwanangu, soma meseji za anti yako

Bahati: Niko mama, nilikuwa shifti ya usiku ndo nimetoka. Shikamoo anti, pole. Kabla ya yote nijibu hili, leseni ya ndoa mlichukulia wapi? Sio harusi ilifanyika wapi. Ile karatasi ya kwanza mliyoiendea nyote wawili na vitambulisho mkaapa mbele ya karani

Mama Neema: Marahaba. Mbona hiyo ilikuwa Minneapolis, wakati huo tunaishi Brooklyn Park karibu na kwenu, Daudi alikuwa bado hajapata kazi ya huku. Tulipanda basi siku hiyo, kulikuwa na theluji viatu vyangu vikaingia maji. 2009

Bahati: Basi hapo ndipo. Minnesota ina kaunti 87 na unaweza kuchukua leseni kaunti yoyote ukafungia ndoa popote ndani ya jimbo, lakini rekodi inabaki kule ulikochukua leseni. Yule pastor baada ya ibada alijaza ile karatasi na mashahidi wawili wakasaini, akairudisha kwa kaunti iliyoitoa. Sheria inampa siku tano. Kwa hiyo yenu iko Hennepin, kaunti ya Minneapolis, Stearns haiwezi kuwa nayo hata ukitafuta mwaka mzima

Mama Neema: Mungu wangu

Zawadi: Subiri Bahati, kwa hiyo mimi na mchumba wangu tukichukua leseni Ramsey halafu harusi iwe Duluth cheti tutafute Ramsey?

Bahati: Ndio, ofisi ya Ramsey iko St. Paul. Na muwahi, leseni inakaa miezi sita tu. Halafu fanyeni yale mafunzo ya ndoa ya masaa 12, mkileta barua ya mwalimu mnalipa dola 40 badala ya 115. Ila tumalize ya anti kwanza

Bahati: Anti, kuna saiti ya serikali ya jimbo inaitwa MOMS, kaunti nyingi zimeweka humo majina ya waliooana. Ni bure kutafuta. Usichague kaunti, acha wazi. Na kwa jina lako andika lile la kwa baba yako, si la Daudi

Mama Neema: Nilikuwa naandika Mwakio

Bahati: Ndo maana. Siku ile kwa karani ulikuwa bado hujawa Mwakio

Mama Neema: Ngoja

Mama Neema: IMEONEKANA. Daudi yuko. Mimi niko. Hennepin 🙏🏾🙏🏾

Shangazi Rehema: Asante Yesu!!

Mjomba Elijah: Mungu ni mwema. Sasa apige chapa hiyo hiyo apeleke

Bahati: Hapana mjomba, hiyo ni faharasa tu, inaonyesha rekodi iko wapi. Social Security hawachukui chapa ya mtandao, wala fotokopi, wala fotokopi iliyogongwa muhuri na wakili. Wanataka nakala rasmi iliyotolewa na kaunti yenyewe. Wakishaiona wanarudisha

Mama Neema: Bahati kuna saiti nyingine ilinitokea juu kabisa nilipogugo, inasema inaleta cheti kwa haraka, dola 60 na kitu, nilikuwa karibu kuweka kadi

Bahati: Usilipe hata senti anti. Hao ni madalali, wanajaza fomu ileile ya kaunti wanakuongezea bei. Kaunti inatoza dola 9 kwa nakala. TISA. Wanangoja watu wenye msiba na haraka, inaniuma sana hii

Mjomba Elijah: Kumbe. Hata huku wako mlangoni kwa kila ofisi

Shangazi Rehema: Na ni lazima aende mwenyewe? Ni mbali na ana mtoto na kazi

Bahati: Si lazima mama. Anaweza kutuma fomu na cheki kwa posta. Lakini mimi kesho niko ofu na ofisi ya kaunti iko dakika kumi na tano na ninapokaa. Huku Minnesota rekodi ya ndoa iko wazi si kama ya kuzaliwa, naweza kuombea. Anti nitumie majina yenu wawili kama yalivyoandikwa wakati ule na tarehe ya harusi, nitumie inbox sio hapa

Mama Neema: Nimetuma. Mwanangu sijui nikwambie nini

Bahati: Usiseme kitu. Mjomba Daudi ndiye alinipokea airport mimi, nilikuja na sweta moja akavua koti lake

Shangazi Rehema: 😭

Mama Neema: Hilo koti liko hapa kabatini

Zawadi: Anti samahani nauliza, hayo mafao ni ya nini hasa? Si nilisikia ni dola 255

Mama Neema: Hiyo 255 ni ya mara moja, haitoshi hata maua. Hii nyingine ni ya kila mwezi kwa kile Daudi alichokatwa kwa mshahara. Neema ana yake mpaka afike 18, na mimi kwa vile ninamlea na hajafika 16 nina yangu, lakini lazima nithibitishe nilikuwa mke wake. Ya Neema cheti chake cha kuzaliwa ninacho

Mjomba Elijah: Haki yenu hiyo shemeji. Ndugu yangu alifanya kazi usiku na mchana

*Siku ya pili*

Bahati: Habari za mchana. Nimetoka ofisini. Nilikuwa nambari 41, nimekaa nusu saa. Dada wa dirishani kaandika majina kaipata papo hapo, kageuza skrini kaniuliza ni hii? Nikasema ndio. Nimechukua nakala mbili, dola 18, moja ya Social Security na moja anti akae nayo, maana benki na watu wa gari watataka vilevile

Mama Neema: Umeiona? Imeandikwa nini?

Bahati: Ni karatasi nzito, ukipitisha kidole unasikia muhuri umeinuka. Jina la mjomba, jina lako la zamani, tarehe, mahali pa ndoa St. Cloud, Stearns. Mashahidi wako wawili. Jina la mjomba limeandikwa sawa herufi zote, nimelisoma mara tatu pale pale kabla sijaondoka dirishani

Shangazi Rehema: Daudi wangu

Mjomba Elijah: Umefanya vizuri kusoma hapo hapo, kosa likitoka nje ya mlango ni safari nyingine

Mama Neema: Miadi ni alhamisi saa nne asubuhi

Bahati: Nitakuja jumatano usiku nikitoka kazini, nishike barabara ya 94, nilale hapo tuende pamoja. Nimeziweka kwa bahasha ngumu juu ya kiti cha mbele

Mama Neema: Usizikunje tu. Na ile ya njiwa nimeirudisha kwa fremu yake. Jumatano ugali na mchicha utakuta moto

Neema: Bahati uje na chapati za pale kwenu tafadhali 🙏🏾

Bahati: Ngapi?

Neema: Kumi