Naombeni ushauri: niwaambie mapema kwamba filamu hii inajirudia?

Habarini wakuu. Nina marafiki wapenzi wa tamthilia za Kikorea, na sasa ni zamu yangu kuchagua filamu. Nataka sana waione Right Now, Wrong Then ya mwongozaji Mkorea Hong Sang-soo, iliyotwaa Chui wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Locarno kule Uswisi, mwaka 2015.

Kwenye hadithi, mwongozaji mmoja wa filamu anafika mji wa Suwon siku moja kabla ya ratiba, anakutana na mchoraji wa kike, wanakunywa soju (pombe kali ya Kikorea), mambo yanaharibika. Halafu siku ileile inaanza upya! Tofauti ni ndogondogo, ila mara hii anakiri mwenyewe kwamba ana mke. Wahakiki wengi waliipenda kwa hilo hasa. Wapo wanaomlaumu Hong kwa kurudia yaleyale: pombe, wanaume wasiojielewa, maongezi marefu. Kwangu mimi, uchekeshaji wake umo humohumo kwenye marudio.

Tatizo ni kwamba ina urefu wa kama saa mbili na kamera haihangaiki. Nahofia watazima katikati wakidhani imeharibika. Niwadokeze mapema, au nitawaharibia utamu? Mliowahi kuwaonyesha watu filamu zake, mlifanyaje?